Maisha ya Padre François Libermann, Mtu wa Amani

Katika mwaka wa jubilei ni desturi yetu kuhesabu mema tuliyojaliwa: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, watoto waliobatizwa, vijana waliopewa upadre. Ni vema kuhesabu hivyo, maana asiyekumbuka wema aliotendewa hujifunza kunung'unika. Walakini mti hausimami kwa matawi yake tu. Husimama kwa mizizi, nayo mizizi haionekani. Katika kurasa hizi twapenda kumkumbuka mtu mmoja aliye kama mzizi wa mti wetu.

Mtu huyo hakukanyaga kamwe nchi ya Afrika. Alifariki Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1852, yaani miaka minane kabla ya mapadre wa kutoka kisiwa cha Réunion kushuka pwani ya Unguja. Hata hivyo Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioipokea kazi ya Unguja mwaka 1863 na kufungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wana wake wa kiroho. Roho aliyowaachia ndiyo waliyokuja nayo. Jina lake ni François Libermann.

Ipo sababu ya pili ya kusimulia habari zake. Watu wengi hudhani ya kuwa wakubwa wa dini huzaliwa wakubwa, na ya kuwa mwenye moyo wa amani alipewa moyo huo tangu tumboni mwa mama yake. Libermann hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa mwoga, akaishi mgonjwa, na amani yake aliipata polepole, mwaka baada ya mwaka, kama mkulima apatavyo shamba katika pori. Kwa hiyo maisha yake yawafaa sana wazazi na walimu, nayo yamfaa kila mtu aliyechoka na nafsi yake.

Mtoto mwoga wa Saverne

Alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1802 katika mji mdogo wa Saverne, jimbo la Alsace, mashariki ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, naye aliitwa Jacob. Baba yake, Lazare, alikuwa rabi wa mji, mtu mwenye elimu nyingi na kuheshimiwa na watu wa dini yake. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo. Mama yake alikufa Jacob angali mtoto, na pengo hilo halikuzibika upesi.

Jacob alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa kushtuka, na aghalabu alikuwa hawezi. Kwa kuwa Wayahudi wa zamani zile walidharauliwa na kuonewa mara nyingi na majirani zao Wakristo, mtoto huyu alikua akiwaogopa Wakristo. Husimuliwa ya kuwa siku moja alipomwona padre akija njiani na mavazi ya ibada, alishikwa na hofu, akapanda ukuta na kukimbilia mashambani. Tusimcheke. Afadhali tujiulize ni mambo gani waliyoyatenda Wakristo hata mtoto wa Kiyahudi awakimbie hivi. Aibu hiyo si yake, ni yetu.

Baba yake alimpenda sana, akamtazamia kuwa rabi baada yake. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alipelekwa mji wa Metz kuendelea na masomo ya Talmudi. Huko moyo wake ulianza kutikisika. Walimu wake hawakupendezwa alipojifunza Kifaransa na Kilatini, wakamwonyesha uso wa baridi. Akasoma vitabu vya wanafalsafa, akasoma na Injili iliyofasiriwa kwa Kiebrania. Ndugu yake mkubwa, Samson, aliyekuwa daktari, alibatizwa pamoja na mkewe. Jacob alikasirika kwanza, kisha akaanza kuuliza, na mwisho hakujua tena aamini nini. Imani ya utoto ilikuwa imemponyoka, na nyingine alikuwa hajaipata.

Usiku wa kuamua

Mwaka 1826 alikwenda Paris. Mtu mmoja mwenye elimu aitwaye Drach, naye Myahudi aliyekuwa amebatizwa, alimpatia chumba katika chuo cha Stanislas. Wakamwachia vitabu viwili vya mafundisho ya dini, wakamwacha peke yake. Chumba kilikuwa na giza na upweke. Kijana yuko mbali na kwao, hana rafiki, hana hakika ya jambo lo lote. Ndipo alipopiga magoti, akamwomba Mungu wa baba zake amwonyeshe kama dini ya Wakristo ni ya kweli, na kama si ya kweli amwepushe nayo. Baada ya sala hiyo alisadiki. Akabatizwa usiku wa kuamkia Noeli, tarehe 24 Desemba 1826, akapewa majina ya François Marie Paul.

Furaha hiyo ilikuwa na gharama yake. Baba yake alipopata habari alimlilia kama mtu alilaye maiti, akamwandikia barua nzito. François aliisoma akitoa machozi. Hakumrudishia baba yake neno la uchungu, wala hakuwadharau watu wa ukoo wake hata mwisho wa maisha yake. Ajuaye uchungu wa mwana kuachana na baba kwa ajili ya imani, na katika nchi zetu wapo waliojua, ataelewa ya kuwa jeraha kama hilo haliponi kwa siku moja.

Ugonjwa uliofunga mlango

Mwaka 1827 aliingia seminari ya Saint-Sulpice huko Paris. Alikuwa na bidii nyingi, naye alitamani upadre kwa moyo wote. Lakini mwaka 1829, alipokaribia kupewa daraja ya ushemasi mdogo, alianguka mbele ya padre aliyekuwa akimwongoza rohoni. Ulikuwa ugonjwa wa kifafa. Kwa sheria za Kanisa za siku zile mwenye kifafa hakuweza kupewa daraja takatifu. Wenzake wakasonga mbele, mmoja mmoja, wakapakwa mafuta na kutumwa makazini. Yeye akabaki.

Hapa yafaa kusema neno kwa faida ya parokia zetu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, si pepo, wala hauambukizi kwa mate au kwa kumgusa mgonjwa. Dawa za hospitali huwasaidia wengi, na anayeanguka yapasa alindwe asiumie, wala asikimbiwe. Zamani za Libermann madaktari walijua machache, na watu waliogopa sana. Hata hivyo wakubwa wa seminari hawakumfukuza. Walimhurumia, na mwaka 1831 wakampa nafasi katika nyumba yao ya Issy, karibu na Paris. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtunza nyumba: kwenda mjini kununua vitu, kutunza bustani, kuwapokea wageni.

Kwa macho ya watu alikuwa amekwisha. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na tisa, mwenye elimu kubwa, naye akitumwa sokoni. Tusidhani ya kuwa yote hayo aliyachukua bila taabu. Baadaye alimfunulia kijana mmoja, aliyekuwa katika huzuni na kumstaajabia kwa utulivu wake, ya kuwa alipovuka madaraja ya mto Seine alijiwa na mawazo ya kujitupa majini, na ya kuwa hakupenda kuweka kisu chumbani mwake. Uso wake ulikuwa na tabasamu, lakini ndani palikuwa na vita.

Aliishindaje vita hiyo? Kwanza, hakujificha. Alikuwa na padre wa kumwongoza, akamwambia mambo yake. Na alipoona mwenzake anateswa na giza lile lile, alimwambia habari zake mwenyewe ili asijione peke yake. Mzigo usiosemwa huzidi uzito, bali uliosemwa hupata wa kuushika upande wa pili. Tena, aliacha kushindana na ugonjwa wake kama adui. Mwanzoni alikuwa amejikaza sana, akitaka kuishika amani kwa nguvu kama mtu akamataye ndege. Polepole akajifunza kufungua mkono. Akaona ya kuwa Mungu hangojei mtu awe mzima ndipo ampende, na ya kuwa udhaifu wake waweza kuwa shule yake. Tangu hapo aliutaja ugonjwa wake kama mtu atajaye mwalimu mkali aliyemfaa. La tatu, alitoka katika nafsi yake akaenda kwa wengine. Waseminari walianza kumfuata bustanini na njiani, wakimweleza mashaka yao. Mtu asiyekuwa padre akawa mshauri wa mapadre wa kesho.

Shule ya pili: Rennes

Mwaka 1837 Shirika la Waeudisti lilimwita mji wa Rennes awe mlezi wa wanovisi. Alikwenda kwa matumaini, lakini Rennes haikumpa raha. Siku moja alishikwa na ugonjwa wake mbele ya wanovisi wenyewe. Moyoni mwake akajiona hafai kitu, kama ukuni mkavu nyumbani mwa watu. Mtu angaliweza kusema ya kuwa miaka yake yote ya Issy imepotea, kwa kuwa giza lilirudi tena.

Walakini hapa ndipo yaonekanavyo maendeleo ya kweli. Mtu anayekua rohoni si yule asiyerudiwa na giza, bali ni yule ambaye giza likirudi hamkuti pale pale alipokuwa. Safari hii Libermann hakujikaza, hakukata tamaa, wala hakukimbia mbio. Alitenda kazi ya kila siku, akangoja.

Wakati huo vijana wawili waliomjua seminarini walimwandikia. Mmoja alikuwa Frédéric Le Vavasseur, mzaliwa wa kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion. Wa pili alikuwa Eugène Tisserant, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Haiti. Wote wawili walikuwa wakisikitishwa na hali ya watumwa weusi, walioteswa mashambani na kuachwa bila mafundisho. Walitaka shirika la mapadre litakalojitoa kwa watu hao, nao wakamtaka shauri lake. Tarehe 28 Oktoba 1839 Libermann alitambua ya kuwa kazi hiyo ni yake pia. Akaondoka Rennes, hana cheo, hana fedha, hana daraja takatifu, akaenda Roma, akafika mapema mwaka 1840.

Kupewa upadre

Rafiki aliyefuatana naye alimwacha huko Roma. Akapanga chumba cha juu kabisa, chini ya paa la nyumba, akila chakula cha maskini. Aliandika maelezo ya kazi waliyoikusudia, akayapeleka kwa Baraza Takatifu la kueneza Imani. Miezi ikapita bila jibu. Wengine walimwona kuwa mtu wa ndoto. Yeye akatumia siku hizo kuandika kanuni za shirika na maelezo juu ya Injili ya Yohane. Hatimaye Baraza lilijibu kwa wema, likamhimiza aendelee, na kwanza apate upadre kama afya yake ikikubali. Mwisho wa mwaka ule alikwenda kuhiji Loreto kwa miguu, amevaa kama mwombaji, na watu wa njiani wengine walimdhania kuwa mtu mbaya. Aliporudi alikuta habari ya kuwa mlango uliofungwa miaka kumi na zaidi umefunguka: Askofu wa Strasbourg amekubali kumpokea. Ugonjwa ulikuwa umempumzisha.

Akapewa upadre mji wa Amiens tarehe 18 Septemba 1841, naye ana umri wa miaka thelathini na tisa. Siku chache baadaye, katika nyumba ya La Neuville karibu na mji huo, Shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria lilianza. Walikuwa watu watatu tu.

Msiba wa Guinea

Mwaka 1843 shirika hilo changa lilituma mapadre saba na mabruda watatu pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi, chini ya Askofu Edward Barron. Walikuwa vijana wenye moto wa upendo. Homa iliwapokea. Kabla ya mwaka kwisha wengi wao walikuwa makaburini, na baadaye Askofu Barron akajiuzulu kazi ile. Padre Jean-Rémi Bessieux na Bruda Grégoire walifika Gabon mwezi wa Septemba 1844, lakini kwa muda Libermann alidhani hata Bessieux amekufa.

Hebu fikirini moyo wa baba huyo. Amewatuma watoto wake, nao wamekufa. Kama angalikuwa bado yule kijana wa Paris, huenda angalizama. Alihuzunika sana, wala hakuficha huzuni yake. Lakini hakujilaani, hakuwalaumu waliokufa, wala hakuiacha Afrika. Alikaa chini akatafuta makosa. Akaona ya kuwa walikwenda kwa haraka, bila kuijua nchi, bila maandalio ya kutosha. Akajifunza. Tangu hapo aliwasihi wamisionari wake waitunze afya, wale vizuri, wapumzike, wasijitese kwa bidii isiyo na akili. Kwani aliona ya kuwa anayeuvunja mwili wake kwa haraka huivunja na kazi ya Mungu aliyopewa.

Tena mawazo yake juu ya watu wa Afrika yalipanuka. Mwaka 1846 alipeleka Roma maandiko marefu. Alitaka Waafrika wenyewe wawe mapadre na makatekista, pawe na shule na mafundisho ya kilimo na ufundi, ili Kanisa liote mizizi katika nchi yenyewe, lisibaki kama mti katika chungu cha mgeni. Mwaka 1847 aliwaandikia wana wake walioko Dakar na Gabon wasiwahukumu watu kwa desturi za Ulaya, bali wavue utukufu wa Kizungu na kuishi kati yao kama watumishi mbele ya mabwana wao. Hayo aliandika mwaka mmoja kabla utumwa haujakomeshwa katika makoloni ya Ufaransa. Kweli wamisionari hawakuyashika siku zote. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuandikwa, nalo liliwahukumu walipolisahau.

Mwisho wa safari

Mwaka 1848 shirika lake liliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa na Claude Poullart des Places mwaka 1703, naye akachaguliwa mkubwa wa wote. Kuunganisha watu wa nyumba mbili si kazi nyepesi. Walikuwapo wenye hasira na wenye wivu, na hata rafiki yake Le Vavasseur, mtu wa moto, alimtaabisha mara nyingi. Libermann hakupenda kumpinda mtu kwa nguvu. Barua zake zilizohifadhiwa ni zaidi ya 1,500, na karibu katika zote shauri ni lile lile kwa maneno mbalimbali: mtu asijiharakishe kuliko Mungu, asijikasirikie kwa udhaifu wake, ajichukulie kwa upole kama vile angalimchukulia ndugu aliye mgonjwa. Aliyasema hayo kwa kuwa aliyapitia.

Alifariki tarehe 2 Februari 1852, siku kuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akiwa hajatimiza miaka hamsini. Karibu naye, kanisani, wana wake walikuwa wakiimba masifu ya jioni, wamefika kwenye wimbo wa Bikira Maria. Mwaka 1910 Papa Pius X alitangaza ya kuwa aliishi fadhila kwa kiasi cha ushujaa.

Yatufundishayo maisha haya

Miaka kumi na sita baada ya kifo chake, wana wake walivuka kutoka Unguja wakaanza kazi Bagamoyo, wakawakusanya watu waliokombolewa katika utumwa, wakawafundisha dini, kusoma, kilimo na ufundi. Kutoka hapo njia ilikwenda Mhonda, Morogoro, Kilema na mahali pengine pengi. Hivyo mgonjwa aliyezuiliwa mlangoni mwa upadre alifungua milango ya nchi asizoziona.

Basi, ninyi walimu, mkimwona mtoto mwoga katika darasa lenu, asemaye kwa sauti ndogo na kushtuka aitwapo, msimwandike kuwa bure. Ninyi wazazi mlio na mtoto mwenye kifafa, msimfiche nyuma ya nyumba. Mpelekeni kwa daktari, mpelekeni shule, mpelekeni kanisani. Nanyi mlio na giza moyoni, na mawazo msiyothubutu kuyataja, tafuteni mtu wa kumwambia leo, kama Libermann alivyomwambia padre wake. Si dhambi kuchoka, wala si haya kusaidiwa.

Jubilei ni wakati wa kusamehe madeni. Wengi wetu twawasamehe jirani, lakini nafsi zetu twazidai kila siku. Padre Libermann alijifunza kwa miaka mingi kuisamehe nafsi yake udhaifu iliozaliwa nao, na kuukabidhi kwa Mungu. Tumwombe Mungu atujalie nasi amani hiyo, tupate kuianza miaka ijayo ya jimbo letu bila hofu na bila haraka, kila mtu akitenda kazi ya siku yake.